Jina na Kweli katika Maisha ya Big Bill Broonzy

Utangulizi

Tawasifu ni utanzu unaomdai msomaji imani kabla ya kumpa ushahidi. Tunapofungua kitabu ambamo mtu anasimulia maisha yake mwenyewe, tunachukulia kwamba jina lililo jaladani, nafsi inayosema ndani ya kurasa na mtu aliyeishi duniani ni kitu kimoja. Maafikiano haya yakivunjwa, msomaji hujiona amedanganywa, na mhakiki hulazimika kujiuliza alichosoma kilikuwa ni historia, riwaya au ngano.

Makala haya yanachunguza suala hilo kwa kuyatazama maisha ya mpiga gitaa na mwimbaji wa bluzi, Mmarekani mweusi aliyejulikana kwa jina la Big Bill Broonzy. Kitabu chake, Big Bill Blues, kilitolewa London mwaka 1955, na kwa zaidi ya nusu karne wanahistoria wa muziki walikitumia kama chemchemi ya habari za mwimbaji huyu. Mwaka 2011, Bob Riesman alitoa wasifu wenye utafiti wa kina, I Feel So Good, ulioonyesha kwamba mengi ya yale ya msingi, yaani mwaka wa kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa na hata jina, hayakuwa kama Broonzy alivyoyasimulia.

Hoja yetu ni kwamba tofauti hizo haziwezi kutupwa katika kapu moja lililoandikwa "uongo". Broonzy alisema kwa namna mbalimbali mbele ya hadhira mbalimbali, na ukiipanga kauli yake kwa kufuata hadhira, jambo la kustaajabisha hujitokeza: pale alipolitangaza jina lake alibuni sana, na pale aliposema kweli iliyo chungu kuliko zote, jina lake lilifichwa.

Maisha kwa kinywa chake

Kwa mujibu wa Broonzy mwenyewe, alizaliwa mwaka 1893 huko Scott, katika jimbo la Mississippi, akiwa mmoja wa watoto 17 wa wazazi waliowahi kuonja utumwa. Akiwa bado mtoto alijitengenezea fidla kwa kisanduku cha sigara, akawa anawatumbuiza wakulima. Anaeleza kwamba aliingizwa jeshini wakati wa Vita Kuu vya Kwanza, akapelekwa Ulaya, kisha akarudi Kusini na kukuta kwamba sare ya askari haikumbadilishia hadhi yake machoni pa Wazungu. Baadaye akahamia Chicago.

Kitabu hiki hakikuandikwa kama vitabu vingi vya waimbaji vinavyoandikwa, yaani kwa mahojiano yanayonakiliwa na mwandishi mwingine. Broonzy alijiandikia mwenyewe karatasi nyingi, na Yannick Bruynoghe, Mbelgiji aliyekuwa mpenzi wa muziki huo, akazipanga na kuzihariri. Msomaji wa Kiswahili anayefahamu Wasifu wa Siti Binti Saad atakumbuka jinsi maisha ya mwimbaji yanavyopita katika kalamu ya Shaaban Robert na kutoka yakiwa na sauti na maadili ya Shaaban Robert. Katika Big Bill Blues, mkono wa mhariri upo, lakini sauti inayosikika ni ya fanani mwenyewe.

Tena ni sauti ya masimulizi ya jioni. Mfano mzuri ni kisa cha kobe wa majini. Mjomba anamkata kobe kichwa, lakini kiwiliwili kinaondoka taratibu na kurudi kilikotoka, mtoni. Mjomba anasema kwamba kobe huyo amekufa ila hajui kwamba amekufa. Kisha msimulizi anaongeza kwamba watu wengi wako vivyo hivyo: wana bluzi ndani yao nao hawajui. Hiki ni kisa chenye muundo wa ngano kamili: tukio la ajabu, kauli ya mkubwa, na funzo linaloshushwa na msimulizi. Mtu aliyezoea kutoa maana kwa njia hii hawezi kutarajiwa kuyaeleza maisha yake kama karani anavyojaza daftari.

Maisha kwa mujibu wa hati

Riesman alipozipekua hati za sensa na kumbukumbu za jamaa, alipata picha nyingine. Mtu huyu alizaliwa kwa jina la Lee Conley Bradley, mwaka 1903, katika wilaya ya Jefferson, jimbo la Arkansas. Wazazi wake, Frank Bradley na Mittie Belcher, walikuwa wakulima wa Kusini waliolima ardhi isiyo yao. Kama mwaka huo ndio sahihi, basi Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917 Broonzy alikuwa kijana wa miaka 14, na hadithi ya jeshini inakosa mahali pa kusimama.

Yaliyofuata hayana mgogoro mkubwa. Alifika Chicago katika wimbi la Wamarekani weusi waliohama Kusini kutafuta kazi na usalama katika miji ya viwanda. Alikuwa mpiga fidla, lakini mjini gitaa ndilo lililotakiwa, naye akajifunza kwa msaada wa Papa Charlie Jackson, mwimbaji aliyekwisha kupata jina katika santuri. Alirekodi kwa mara ya kwanza mwaka 1927 katika kampuni ya Paramount. Santuri hizo za mwanzo hazikumpatia utajiri, naye aliendelea kufanya kazi za mikono mchana huku akipiga muziki usiku katika karamu za nyumbani, ambako wapangaji waliwatoza wageni kiingilio ili wapate kulipa kodi ya nyumba.

Katika miaka ya 1930 Broonzy alikuwa miongoni mwa waimbaji waliorekodi kwa wingi kuliko wengine mjini Chicago. Hakurekodi peke yake na gitaa tu. Alikuwa na piano, ngoma, na mara nyingine hata tarumbeta. Alitunga nyimbo zaidi ya 300, na alipiga gitaa katika santuri za wenzake wengi. Muddy Waters alipofika Chicago mwaka 1943, Broonzy ndiye aliyekuwa mkubwa wa mji aliyemshika mkono. Kwa ufupi, huyu alikuwa msanii wa mjini, mwenye ujuzi wa biashara ya santuri na mwenye kubadilika kila ladha ya wanunuzi wake weusi ilipobadilika.

Mkulima wa Carnegie Hall

Ili kuelewa ni kwa nini msanii huyo wa mjini aliishia kuwa mzee wa kijijini, hatuna budi kuutazama usiku wa tarehe 23 Desemba 1938. Usiku huo John Hammond, mtayarishaji wa muziki kutoka familia tajiri ya New York, aliandaa katika ukumbi wa Carnegie Hall tamasha lililoitwa From Spirituals to Swing. Kusudi lake lilikuwa jema na la kijasiri: kuionyesha hadhira iliyokuwa na Wazungu wengi historia ya muziki wa watu weusi, kutoka nyimbo za kanisani hadi muziki wa dansi wa wakati huo. Hammond alimtaka Robert Johnson awakilishe bluzi ya kijijini, lakini Johnson alikuwa amefariki mwezi Agosti mwaka huo huo. Nafasi yake akapewa Broonzy.

Nafasi hiyo haikuwa ya mtu bali ya mhusika. Palihitajika mkulima kutoka Kusini, na Broonzy akatambulishwa kwa hadhira kama mkulima wa Arkansas aliyeacha shamba lake kuja mjini. Ukweli ni kwamba alikuwa ameishi Chicago miaka mingi na sauti yake ilikuwa katika mamia ya santuri. Hadhira ilimshangilia, naye akarudishwa katika tamasha la pili mwaka 1939.

Hapa mhakiki anapaswa kutulia. Ubunifu huu wa kwanza haukuanzishwa na Broonzy. Ulikuwa umeandaliwa tayari, kama vazi la mchezo wa kuigiza lililotundikwa likimngoja mwigizaji. Aliyekuwa na uwezo wa kuandika maneno ya kumtambulisha alikuwa mwenye tamasha. Alichojifunza Broonzy usiku ule ni kwamba kulikuwako hadhira nyingine, mbali na ile iliyonunua santuri zake, na kwamba hadhira hiyo ilipenda kumsikiliza mtu mweusi alipokuja kama asili, si kama fundi.

Somo hilo lilimfaa baada ya Vita Kuu vya Pili, wakati wanunuzi weusi wa Chicago walipoanza kupendelea gitaa la umeme na sauti kubwa ya kina Muddy Waters. Mwaka 1950 tunamkuta Broonzy akiwa mfanyakazi wa usafi katika chuo kimoja mjini Ames, jimbo la Iowa. Mwaka uliofuata alisafiri Ulaya, na huko maisha yake ya usanii yakafufuka. Akiwa na gitaa lisilo la umeme, aliimba Ufaransa, Uingereza, Ubelgiji na Uholanzi, akipokewa kama sauti ya mwisho ya ulimwengu uliokuwa ukitoweka. Mzaliwa wa Mississippi wa mwaka 1893 alikuwa na umri na asili vilivyostahili heshima hiyo. Mzaliwa wa Arkansas wa mwaka 1903, aliyewahi kuimba na tarumbeta nyuma yake, asingeipata kwa wepesi.

Ubunifu huo ulikuwa na gharama, na si Broonzy peke yake aliyeilipa. Muddy Waters alipokwenda Uingereza mwezi Oktoba 1958 na gitaa lake la umeme, baadhi ya wasikilizaji walishtushwa na kelele, kwa sababu walikuwa wamezoeshwa kuamini kwamba bluzi halisi ni ile ya mzee mmoja na gitaa lake la mbao. Picha ya asili ilikuwa imeanza kumhukumu msanii aliye hai.

Kweli isiyo na jina

Mwaka 1947, mjini New York, mtafiti Alan Lomax aliwaketisha Broonzy, mpiga piano Memphis Slim na mpiga hamonika Sonny Boy Williamson mbele ya mashine ya kurekodi, akawauliza bluzi inatoka wapi. Wakaanza kwa muziki, kisha mazungumzo yakazama. Walieleza habari za kambi za kazi ambako watu weusi walijenga kingo za kuzuia mafuriko ya mto, za mashamba ya magereza, na za wasimamizi walioua wasiulizwe. Walisimulia jinsi nyumbu wa kazi alivyothaminiwa kuliko mtu mweusi aliyemwongoza, kwa kuwa nyumbu akifa ilibidi anunuliwe mwingine. Mara kwa mara walicheka, kicheko cha watu wanaojua kwamba wamenusurika.

Waliposikilizishwa sauti zao wenyewe, waliingiwa na hofu. Walimsihi Lomax asiyataje majina yao, kwa sababu jamaa zao walikuwa bado Kusini, na kisasi kingeweza kuwafikia. Lomax alitii. Rekodi hiyo ilipotolewa mwaka 1959 kwa jina la Blues in the Mississippi Night, wasemaji walipewa majina ya bandia. Broonzy aliitwa Natchez. Wakati huo yeye alikuwa amekwisha kufa, na Williamson alikuwa ameuawa Chicago tangu mwaka 1948. Majina yao ya kweli yalirudishwa katika toleo la mwaka 1990, miaka 43 baada ya mazungumzo yenyewe.

Tulinganishe sasa matini mbili. Katika Big Bill Blues, jina liko jaladani kwa herufi kubwa na habari nyingi za mwenye jina ni za kubuni. Katika rekodi ya mwaka 1947, jina limefutwa, na tulichonacho ni ushuhuda ambao wanahistoria wa Kusini wameuthibitisha kwa hati nyingi. Tawasifu ilikuwa na jina bila kweli ya jina hilo. Ushuhuda ulikuwa na kweli bila jina. Kwa nadharia ya kawaida ya tawasifu, inayolifanya jina kuwa dhamana ya kweli, jambo hili ni kinyume. Lakini nadharia hiyo ilitungwa na kwa ajili ya watu ambao kulitaja jina lao hakukuwa hatari. Kwa mtu mweusi wa Kusini enzi za sheria za ubaguzi, jina halikuwa dhamana tu. Lilikuwa pia anwani ambayo adui angeweza kuifuata.

Nafsineni na askari asiyekwenda vitani

Ugumu mkubwa kuliko wote uko katika hadithi ya jeshini. Broonzy anaeleza kwamba aliporudi kutoka vitani akiwa amevaa sare, Mzungu mmoja aliyemfahamu alimwamuru aivue akavae nguo za shambani. Katika miaka ya 1950 alirekodi wimbo uliojengwa juu ya tajriba hiyo hiyo, ambamo nafsineni anauliza ni lini ataitwa mwanamume. Alipokuwa mtoto aliitwa mtoto. Aliporudi vitani aliitwa mtoto. Na sasa mvi zimejaa, bado anaitwa mtoto.

Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa wimbo huu. Neno "boi" liliingia katika Kiswahili cha nyumba za walowezi likiwa limebeba dharau ile ile, na lilitumiwa kumwitia mtumishi aliyekuwa na wake na wajukuu nyumbani kwake. Neno hilo halikuhesabu miaka ya mtu, bali lilimnyima ukubwa.

Je, wimbo unapoteza thamani kwa kuwa mtunzi hakwenda vitani? Kwa upande wa ushairi jibu ni rahisi. Nafsi ya kwanza katika bluzi, kama ilivyo katika nyimbo nyingi za jadi, ni nafsi ya umma. Mwimbaji husema "mimi" ili kila msikilizaji apate nafasi ya kusimama ndani ya neno hilo. Yaliyosemwa katika wimbo yaliwapata watu halisi. Mwaka 1919, askari weusi waliorejea kutoka Ufaransa walishambuliwa katika majimbo mengi, na baadhi yao waliuawa. Mwaka huo huo, huko Elaine, katika jimbo lile lile la Arkansas alikozaliwa Broonzy, wakulima weusi wengi waliuawa walipojaribu kuungana kudai bei ya haki ya pamba yao. Kijana wa miaka 16 aliyeishi jimboni humo alikuwa na sababu ya kutosha ya kuijua hofu hiyo, hata kama hakuwahi kuivaa sare.

Kwa upande wa tawasifu, hata hivyo, jibu haliwezi kuwa rahisi hivyo. Wimbo hauapi kwamba mwimbaji ndiye aliyetendewa, kitabu kinaapa. Broonzy alilichukua "mimi" la bluzi akalihamishia katika utanzu wenye masharti mengine bila kumwarifu msomaji. Tunaweza kueleza kwa nini alifanya hivyo bila kudai kwamba tofauti haipo. Walikuwako watu waliovaa sare zile na kuvuliwa kwa vitisho, na ushuhuda wao una haki ya kutofautishwa na usanii, hata uwe usanii mwema kiasi gani. Mhakiki anayesema kwamba "yote ni masimulizi tu" hawatendei haki watu hao, wala hamtendei haki Broonzy, ambaye mwaka 1947 alionyesha kwamba alijua vyema tofauti kati ya hadithi ya kufurahisha na neno linaloweza kumuua ndugu yake.

Upande huu wa Broonzy unaonekana pia katika wimbo wake Black, Brown and White, unaozungumzia jinsi Marekani ilivyowapanga watu kwa daraja za rangi katika kazi, malipo na huduma. Kwa maelezo yake, kampuni za santuri za nyumbani ziliukataa. Aliurekodi Paris mwaka 1951. Hadhira ile ile ya Ulaya iliyomtaka awe mzee wa kijijini ndiyo iliyompa nafasi ya kuimba kwa jina lake mwenyewe jambo ambalo kwao hakuweza kuliuza. Vazi lililomfunga lilimpa pia ulinzi.

Hitimisho

Mwezi Julai 1957, Broonzy alirekodiwa kwa saa nyingi akiimba na kuzungumza, naye alikuwa tayari mgonjwa wa saratani ya mapafu. Mara tu baada ya vikao hivyo alifanyiwa upasuaji, na katika matibabu yaliyofuata akapoteza sauti. Alifariki Chicago mwezi Agosti 1958. Miongoni mwa waliolibeba jeneza lake alikuwamo Muddy Waters, ambaye baadaye alitoa santuri nzima ya nyimbo za mzee wake huyo.

Katika kitabu chake, Broonzy alikuwa amekwisha kuwaelekeza watakaomwandika. Hakutaka kuitwa mwanajazi wala mpiga gitaa wa ajabu. Ilitosha kusema kwamba alikuwa mwimbaji wa bluzi aliyejulikana, aliyerekodi nyimbo 260 tangu 1925 hadi 1952, aliyependa kunywa na kufurahi. Hata tarakimu hizo hazilingani na hati. Lakini ombi lenyewe ni la kweli: alitaka kukumbukwa kwa kazi yake.

Funzo kwetu tunaofundisha fasihi simulizi si dogo. Kila mwaka wanafunzi wetu hurejea kutoka nyanjani na sauti za wazee walizozirekodi, nasi huwauliza kama mzee alisema kweli. Aghalabu hatuwaulizi mzee aliambiwa anatafutwa kwa nini, ni nani aliyekuwa ameketi karibu naye, na ni jambo gani alilolisema mashine ilipokwisha kuzimwa. Maisha ya Broonzy yanatuonyesha kwamba fanani huipima hadhira yake kabla hadhira haijampima. Hati za sensa zitatuambia mahali alipobuni, na ni wajibu wetu kuzisoma. Lakini zisipoambatana na swali la nani aliyemtaka abuni, na nani aliyemfanya aogope kusema, tutakuwa tumelisahihisha jina lake bila kuyajua maisha yake.